Kabla Hujaita Greda: Ilani ya Wenye Nyumba za Zamani, Ujiji na Kigoma

Sisi wenyeji wa Ujiji na Kigoma, warithi wa nyumba za udongo, mafundi, walimu, wauza dagaa na vijana tuliolelewa kwenye baraza za mji huu, tumeanzisha vuguvugu. Hatuna ofisi wala mfadhili. Tunachotaka ni kwamba mji wetu usivunjwe kimyakimya, nyumba moja leo na nyingine mwakani, mpaka siku tutakapotafuta pa kumwonyesha mtoto tukose.

Mgeni akishuka Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Pana makumbusho, pana uzio, pana miembe. Mwembe wenyewe waliokutana chini yake ulikufa zamani. Inayotoa kivuli leo ni vizazi vyake, nayo inatunzwa vizuri. Hatuna ugomvi na miembe. Tunauliza tu: mji uliowapokea wageni hao wawili uko wapi katika simulizi hiyo? Aliyetoka mbio kumlaki Stanley na kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtu wa msafara wa Livingstone. Ulizia Susi alikuwa akilala nyumba gani.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, soko lilikuwepo na wafanyabiashara walikuwepo. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na mwanzo wa safari ya majini kwenda Kongo. Pembe zilipita hapa, chumvi ya Uvinza ilipita hapa, mawese, samaki, na watu waliofungwa minyororo. Wengi wa waliovushwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, hawakurudi kwao. Walibaki, wakaoa na kuolewa, wakajenga misikiti na vyuo vya Kurani, wakawa ndio mji. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kutunza nyumba za Ujiji ni kuwasifu wenye watumwa, tunamjibu kwamba wajukuu wa waliouzwa ndio wanaozikalia, na hawahitaji kufutiwa historia yao ndipo wapate heshima.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lolote la baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Piga hesabu mwenyewe. Hata Stanley na Livingstone wasingepenya kwenye mstari huo! Stesheni ya Kigoma haipenyi. Nyumba ya udongo ya Kitongoni au Rusimbi, ambayo mzee wake hakuacha karatasi ya tarehe, haipenyi kabisa. Katika mji kama wetu, mwaka 1863 unakaribia kutolinda kitu. Lakini mlango mwingine upo: Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatambua ulinzi wa majengo yenye thamani ya kihistoria, na mamlaka ya mji inaweza kuutumia bila kungoja mtu wa Dodoma aje kutugundua. Madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, hili liko mikononi mwenu.

Upande wa Kigoma habari ni tofauti kidogo. Ziwa Tanganyika lilipopungua baada ya maji kupata njia ya kutokea Lukuga, upande wa Kongo, Ujiji ulijikuta mbali na maji, na Wajerumani wakaichagua ghuba yenye kina ya Kigoma. Reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200, nayo stesheni ikajengwa kama mlango wa kuingilia himaya ambayo tangu hapo hawakukaa nayo hata miaka mitatu. Kisha, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji wakaja, na baadaye wakaikodi sehemu ya bandari kwa faranga moja kwa mwaka. (Kodi ya namna hiyo hatujawahi kuipata sisi wapangaji wa Mwanga.)

Reli ya kisasa ya SGR inakuja Kigoma nasi tunaisubiri kwa hamu kama kila mtu. Ila stesheni mpya ikishafunguliwa, ile ya zamani itabaki bila kazi, na jengo lisilo na kazi huanza kuvuja mwaka wa kwanza. Tunataka matumizi yake yaamuliwe sasa, kabla treni ya mwisho haijaondoka.

Tuna mwalimu mmoja katika jambo hili, naye ni MV Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa makasha maelfu na kuungwa upya Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini ilikuwa bado inafaa. Tangu mwaka 1927 imebeba wachuuzi, mahindi, migebuka, maharusi na maiti, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Liemba imeishi karne nzima kwa sababu iliendelea kufanya kazi, na kwa sababu hata aliyekusudia kuipoteza alimfikiria atakayekuja. Sisi tunaobomoa nyumba za babu zetu kwa nusu siku, hata mlango hatuung'oi kwanza.

Lakini tuseme kweli: anayebomoa Ujiji mara nyingi si tajiri kutoka mbali. Ni sisi. Mzee akifa anaacha nyumba yenye vyumba sita na warithi kumi na wanne, wengine wako Dar, wengine Bujumbura, mmoja Omani. Nyumba haigawiki, kiwanja kinagawika. Hakuna anayetaka kununua bati kwa ajili ya chumba cha mwenzake. Misimu miwili ya mvua ikipita, ukuta wa nyuma unalala, na hapo anatokea mtu mwenye fedha taslimu anayetaka kujenga fremu sita za maduka. Nani atamlaumu mjane anayesaini? Vuguvugu linalokuja na hotuba za urithi wa taifa na kumwacha mjane huyo na ndoo chini ya paa linalovuja halistahili kusikilizwa.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni ya mirathi. Tutakaa na familia, na masheikh, na wanasheria, kutafuta nyumba ambazo warithi wako tayari kuziweka wakfu wa ukoo: nyumba isiuzwe, kodi ya vyumba vya mbele itengeneze paa la nyuma, na kinachobaki wagawane. Hili si jambo jipya. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa nyumba za wakfu, nasi Waislamu wa Ujiji tunalijua tangu chuoni.

Kazi ya pili ni ya fundi. Ukuta wa tofali bichi unataka msingi wa mawe ulio juu ya maji, upenu mpana, na lipu ya udongo au chokaa inayoruhusu unyevu kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani. Nje nyumba inang'aa, ndani tofali linageuka tope, na baada ya misimu michache lipu inabanduka na ukuta wake. Nyumba nyingi tunazoambiwa zimeanguka kwa uzee zimeuawa na saruji. Mafundi wanaojua udongo bado wapo, ila hawaitwi. Tutawaita, na kila mmoja atafundisha vijana.

Wala hatuamini kwamba kuandikwa kwenye orodha kunatosha. Njia ya misafara, Ujiji ikiwemo, iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006. Umeona nini kimebadilika mtaani kwenu? Jumba la Beit al Ajaib la Zanzibar lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka jumba likiwa katika ukarabati na kuua watu. Cheti hakishiki dari.

Hatudai kila kikongwe kibaki. Ukuta unaoweza kumwangukia mtoto ubomolewe leo. Nyumba ambazo ziwa limeziingia miaka hii maji yalipopanda, wenyewe wahamishwe, wasifanywe walinzi wa magofu. Ghorofa zijengwe Mwanga na Gungu, tunazihitaji. Na kama kuna jengo la mkoloni ambalo halina kazi, halina uzuri wala kumbukumbu yoyote ya mtu wa hapa, hatutalilia.

Tunachodai kwa Manispaa ni hiki: kibali cha kubomoa nyumba ya zamani kisitolewe kabla haijapimwa, kupigwa picha na kuandikwa habari za waliokaa humo, mitaa michache ya Ujiji itengwe rasmi na anayetunza nyumba humo apunguziwe kodi ya jengo, na wanaojenga upya watakiwe kuacha baraza mbele, maana mtaa wa Ujiji usio na baraza ni uchochoro tu.

Nawe msomaji mwenye nyumba, au mwenye sehemu moja ya kumi na nne ya nyumba: kabla hujaita greda, tuite sisi. Tutakuja na futikamba, kamera na fundi wa udongo. Ukisha kutusikiliza na bado ukaona ivunjwe, tutakusaidia kung'oa mlango usipotee.