Swali la Watoto Aulizwe Mpanga Zamu

Mwandishi wa habari akikaa na mwanamke aliye daktari bingwa wa upasuaji, mahojiano hayafiki mbali kabla ya lile swali: na watoto unawaacha na nani? Mwenzake wa kiume, baba wa watoto wanne, huulizwa habari za mashine mpya. Swali si baya. Limepelekwa tu kwa asiyekuwa na jibu.

Claire Karekezi alivutiwa na upasuaji wa ubongo mwaka 2007, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari wa Butare aliyekwenda kwa muda mfupi Linköping, Sweden. Akasomea ubingwa Rabat, Morocco, akaongeza ujuzi Toronto, Kanada, na mwaka 2018 akarejea Kigali, mwanamke wa kwanza Rwanda katika fani hiyo. Miaka 11. Kwa wanawake wengi wa rika hilo, miaka hiyo hiyo ndiyo ya posa, harusi na uzazi. Tanzania nako njia si fupi: miaka 5 ya shahada, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha 3 au zaidi ya ubingwa, na anayetaka kuwa bobezi anaongeza mingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu mabingwa wa upasuaji 1,690 katika kanda ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Wanaosema kazi hiyo inataka mikono ya kiume wasome matokeo ya Ontario, Kanada, ya mwaka 2023: kati ya wagonjwa zaidi ya milioni moja, waliopasuliwa na wanawake walipata matatizo machache zaidi baadaye kuliko waliopasuliwa na wanaume.

Basi kinachowapunguza ni nini? Ratiba, kwa kiasi kikubwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua pacha. Inakataza kumpangia kazi ya usiku miezi 2 kabla ya kujifungua, na inamruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata angalau siku 3, yaani uji wa pilipilimanga haujapoa jikoni. Lakini sheria hiyo inamhusu mwajiri na mwajiriwa. Daktari anayesomea ubingwa kwa kujilipia ada hana mwajiri wa kumdai likizo. Akipata mimba, mara nyingi kinachobaki ni kuahirisha masomo.

Hata kwa mwajiriwa, saa 2 za kunyonyesha zinapatikana kirahisi ofisini. Katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa ameshafunguliwa tumbo, hakuna anayevua glovu akanyonyeshe. Mama huyo anahitaji mwenzake wa kumpokea, chumba chenye mlango unaofungika, na friji ya kuhifadhia maziwa aliyokamua. Hivyo si vitu vya bajeti kubwa.

Mganga mfawidhi wa hospitali ya mkoa atajibu kwamba bingwa anaye mmoja tu, na huyo akienda likizo upasuaji unasimama. Kweli. Utafiti ule wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 64 ya mabingwa wamejazana katika mji mkuu wa biashara wa nchi zao. Lakini hilo ni deni la wizara inayogawa madaktari. Haifai kulilipisha tumbo la mtu.

Kwa sasa mzigo wa kulea watoto mama akiwa kazini anaubeba bibi yao, au dada wa kazi ambaye huenda naye kamwacha mwanawe kijijini. Wanawake wanaosifiwa kwa kumudu yote wanajua hivyo, ingawa hotubani dada huyo hatajwi.

Kwenye uongozi bili inakuja tena. Mwaka uliokatika kwa uzazi unahesabika wakati wa kupandishwa cheo: tafiti chache, wadhifa uliompita, mkutano wa saa kumi na mbili jioni ambao hakuhudhuria. Waliopita wapo. Profesa Esther Mwaikambo, bingwa wa watoto na mwanamke wa kwanza Tanzania kuwa daktari, aliasisi Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Profesa Jane Fualal wa Uganda ameongoza COSECSA, chuo cha mabingwa wa upasuaji wa kanda nzima. Kuwataja kama ushahidi kwamba mlango uko wazi ni kuwadhulumu wenzao waliokwama kizingitini.

Wakuu wa idara wanaopanga zamu za mwezi ujao wanawajua kwa majina madaktari wao walio wajawazito na wanaonyonyesha. Waanze na majina hayo, ndipo wajaze mengine.