Atlasi: Swali la Mtoto wa Darasa la Tano

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa mkufunzi, nilianza kipindi cha Jiografia cha Darasa la Tano kwa kueleza asili ya jina la kitabu kilichokuwa mbele ya watoto, yaani atlasi. Nilisema kwamba Atlas alikuwa jitu katika ngano za Wagiriki wa kale, lililohukumiwa kuibeba dunia mabegani. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, alisimama wapi?" Nilimwamuru aketi.

Kosa lilikuwa langu. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, hasemi kwamba Atlas alibeba dunia. Asema Zeus alimhukumu kuishikilia mbingu kwa kichwa na mikono, hali amesimama kwenye mwisho wa dunia, upande wa magharibi. Alisimama juu ya ardhi, kama sisi sote! Ndiyo sababu bahari ya upande huo ikaitwa Atlantiki, na safu ya milima itokayo Moroko hadi Tunisia ikapewa jina lake. Iko sanamu ya marumaru huko Naples imwonyeshayo amebeba tufe, na wengi hulidhani ni dunia. Kumbe limechongwa makundi ya nyota.

Aliyeliingiza jina hilo katika vitabu vya ramani ni Gerardus Mercator, ambaye mkusanyo wake ulitoka mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Naye alimkusudia Atlas mwingine, mfalme wa masimulizi, mjuzi wa nyota, asemekanaye kuwa ndiye wa kwanza kutengeneza tufe.

Wapo wakufunzi wenzangu waonao kwamba kusimulia asili ya maneno ni kupoteza dakika za kipindi. Sikubaliani nao. Mimi nilipoteza kipindi kwa sababu sikuwa nimeiandaa ngano ile kama nilivyoziandaa ramani. Niliiokota tu mahali, nikaitoa kama ilivyo. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha na aiandike katika andalio la somo, awaeleze watoto bayana kwamba ni ngano, na swali lisilojibika siku hiyo aliandike pembeni mwa ubao, mbele ya macho yao.

Nilipokuja kulipata jibu, yule mtoto alikuwa amekwisha maliza Darasa la Saba.