Tarehe Ipi? Maoni Juu ya Kufundisha Makosa ya Majina Yaliyorudiwa

Mwalimu aliyepata kufundisha darasa lenye kina Asha wawili anajua kwamba akiita "Asha!" ama watasimama wote wawili, ama hatasimama hata mmoja. Hapo huongeza jina la baba, na somo likaendelea. Twaanzia hapa kwa makusudi, maana wanachuo wetu wanapokutana na jambo hilo hilo katika kompyuta, hulidhania kuwa ni ukaidi wa mashine.

Tuchukue hifadhidata ndogo ya shule. Jedwali la kwanza, wanafunzi, lina safu tatu: namba, jina, na tarehe, yaani siku mtoto alipoandikishwa. La pili, majaribio, lina namba, somo, alama, na tarehe, yaani siku jaribio lilipofanywa. Mwanachuo huyaunganisha kwa namba, akaomba jina, alama na tarehe. Kompyuta hukataa, ikisema kwamba safu ya tarehe ina utata. Akiweka nyota ili aletewe safu zote, aghalabu hujibiwa bila kelele. Lakini akitaka kuyahifadhi majibu yale kuwa jedwali jipya, hifadhidata nyingi humkatalia kwa kuwa jina la safu limerudiwa.

Dawa inayofundishwa ni ya kukariri: andika jina la jedwali, kisha nukta, kisha jina la safu. Dawa hiyo ni sahihi, wala hatuipingi. Tunachopinga ni kuitoa kabla mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi. Tumemwona mwanachuo akiandika wanafunzi.tarehe kwa sababu jedwali hilo ndilo lililotajwa kwanza. Kosa likanyamaza, na ripoti ya wazazi ikaonyesha kwamba mtoto wa darasa la nne alifanya jaribio la hesabu siku aliyoandikishwa darasa la kwanza. Mwingine aliifuta safu nzima ya tarehe katika majaribio ili apate amani. Ikatubidi kuyarudia makaratasi ya watoto, moja baada ya jingine.

Mbaya zaidi ni ile njia ya mkato ya lugha ya SQL iitwayo NATURAL JOIN, ambayo huunganisha majedwali kwa kila safu yenye jina moja. Hapo kompyuta hailalamiki kamwe. Italinganisha namba na namba, na tarehe na tarehe, kisha italeta wale tu waliofanya jaribio siku ile ile waliyoandikishwa. Yaani, pengine hakuna hata mmoja. Heri kosa lipigalo kelele.

Tatizo lenyewe si geni. E. F. Codd wa kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali, alitoa mfano wa vipuri: kipuri kimoja huingia ndani ya kingine, hivyo "kipuri" hutokea mara mbili katika jedwali moja. Alipendekeza kila kimoja kitajwe kwa jina la dhima yake. Yaani aliuliza maana kwanza.

Baadhi ya wenzetu husema haya ni mambo ya mafundi, si ya mwalimu wa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mwalimu mkuu atakapotaka orodha ya watoto na alama zao kabla ya kikao cha wazazi, atamwita mwalimu kijana aliye karibu.

Kwa hiyo twapendekeza somo hili lianzie ubaoni, mashine zikiwa zimezimwa. Mkufunzi achore madaftari mawili, aulize "Tarehe ipi?", na kila mwanachuo ajibu kwa maneno kamili: tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya jaribio. Ndipo mashine ziwashwe, na majibu hayo hayo yaandikwe baada ya neno AS kuwa majina mapya ya safu. Namba nayo imo katika majedwali yote mawili, lakini kuileta mara moja kwatosha. Wanachuo waeleze wenyewe kwa nini tarehe haiwezi kutendewa vivyo hivyo.