Tatizo si chukudu, ni barabara

Anayeandika kwamba chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ni masalia ya umaskini, na kwamba ipigwe marufuku kwenye barabara ya Goma hadi Sake, mashariki mwa Kongo, amemshitaki asiye na kosa.

Simama Mubambiro, karibu na Sake, ukitazame chombo chenyewe. Ubao mnene wa kubebea mzigo, usukani wa mti, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Dereva anapiga goti moja kwenye ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Hakihitaji mafuta. Kikivunjika, fundi wa kijijini anakitengeneza. Kimebuniwa na watu walioijua njia yao ya mawe ya volkano na miteremko, na ndicho kinachofikisha viazi, makaa na maji mahali ambapo lori halipiti au halilipiki. Goma yenyewe imekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu.

Mwandishi huyo anataja ajali. Ni kweli zipo, na zinauma. Lakini chanzo ni barabara, iliyochorwa kana kwamba lori na pikipiki ndivyo vyenye haki ya kupita. Mama mwenye mzigo mgongoni, mtoto aendaye shule na mwenye chukudu wanagombania ukingo uleule.

Basi tudai njia ya pembeni, pana na yenye mifereji. Kupiga marufuku hakutaondoa hatari. Kutaondoa chakula mezani kwa familia zinazoishi kwa jasho la wenye chukudu.