Mchawi wa nyama choma ni kupe!

Wiki hii mapenzi tunayaweka pembeni, tunaongea nyama. Ile nyekundu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kitimoto kwa wenye kula.

Ukisikia mtu ana aleji ya chakula, haraka haraka unafikiria karanga au kamba. Akila tu, dakika chache midomo imevimba, na kila mtu mezani kashamjua mchawi. Sasa kuna aleji moja imewatoa jasho madaktari kwa sababu yenyewe haina papara. Mtu anakula nyama saa mbili usiku, anaoga, analala fofofo. Saa saba anashtuka mwili mzima unawasha, mabaka kila mahali, tumbo linakata, pengine koo linabana na presha inashuka. Hapo nani atakumbuka mishikaki? Mitaa yetu hii ungeshaambiwa umetupiwa jini.

Kilichofichua siri ni dawa ya saratani, bwana! Kule Marekani wagonjwa wakidungwa dawa inayoitwa Erbitux, wengine walizidiwa palepale. Ajabu ni kwamba Tennessee na North Carolina ilikuwa kama wagonjwa 22 kati ya 100, lakini majimbo ya kaskazini mashariki hata mmoja kati ya 100 hafiki. Dawa moja, nchi moja! Dokta Thomas Platts-Mills na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia wakapekua damu, na mwaka 2008 wakatoa jibu: miili ya wale watu ilikuwa inapigana na sukari moja iitwayo alfa-gali, iliyomo ndani ya dawa. Sukari hiyo imo pia kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Binadamu hatuna, kuku hana, samaki hana.

Bado swali: kwa nini majimbo yale? Wakatazama ramani, wakakuta maeneo hayo yanafanana na yale yenye homa inayoenezwa na kupe. Naam, kupe huyu huyu wa ng'ombe na mbwa, ingawa wa kule ni wa aina yao. Anakung'ata, mwili unaanza kuichukia ile sukari, na baadaye ukila nyama vita inaanza. Platts-Mills mwenyewe yalimkuta mwaka 2007: aling'atwa na kupe akitembea milimani, miezi michache baadaye akala nyama ya kondoo London, usiku akaamka mabaka matupu. Sijui kama alicheka au alilia.

Australia nako Dokta Sheryl van Nunen wa Sydney aliandika mwaka 2009 kuhusu watu 25 wenye aleji ya nyama nyekundu. Kati yao 24 walikuwa wameshavimba vibaya kwa kung'atwa na kupe. Afrika Kusini pia wagonjwa wameonekana.

Kwa nini inachelewa? Wataalamu wanadhani sukari hiyo inasafiri na mafuta, na mafuta tumboni hayaendi mbio.

Usidhani ni kujikuna tu. Mwaka 2024 jamaa wa miaka 47 wa New Jersey alikula nyama ya ng'ombe, usiku tumbo likamkata vibaya, asubuhi akawa mzima. Wiki mbili baadaye akala hambaga mchana. Saa nne hivi zikapita, akaanguka chooni, akafa. Uchunguzi wa maiti haukuona kitu, mpaka damu yake ilipopimwa na kina Platts-Mills. Na mwaka 2022 Wamarekani walipowauliza wahudumu wa afya 1,500, asilimia 42 hawakuwahi hata kuisikia aleji hii.

Kwa hiyo wewe unayeamka usiku ukiwashwa, chukua daftari, andika ulichokula na saa uliyokula, siyo cha usiku tu, hata cha mchana. Andika na kama uling'atwa na kupe. Mpelekee daktari, maana daftari hilo pamoja na kipimo cha damu ndivyo vinavyomkamata mwizi. Koo likibana usisubiri kuche, hospitali hapo hapo.

Wenye aleji hii huacha nyama nyekundu, na wachache hata maziwa yanawasumbua. Wengine wakikaa miaka bila kung'atwa tena, inapungua. Kuku na samaki ruksa. Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi.