MIZANI YA VYUMA CHAKAVU NI YA NANI?

Mvua kubwa inaponyesha Mwanza, mto Mirongo hukusanya kila kilichoachwa kando yake na kukipeleka ziwani. Hubeba takataka za masoko, hubeba mchanga wa vilimani, na katika miaka hii ya magari mengi hubeba pia oili chafu iliyomwagwa nyuma ya gereji, na maji ya betri yaliyomwagwa na mtu mwenye haraka ya kupata madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Uchafu huo hauendi mbali. Unaingia katika ziwa lile lile ambalo mitambo ya Capripoint na Butimba huvuta maji ya kunywa ya mji wetu, na ambalo wavuvi wa Igombe na Kayenze hutoa samaki wanaotulisha.

Hatuandiki habari hizi ili kuwalaani mafundi wa gereji wala wakusanyaji wa vyuma chakavu. La hasha! Kuna watu maofisini wanaoona gari bovu lililoinuliwa juu ya mawe, na kijana mwenye nguo nyeusi kwa grisi, wakasema huo ni uchafu, uondolewe mjini. Watu hao hawajui jinsi nchi hii inavyoishi. Springi ya lori lililokufa inageuka panga na shoka. Tairi lililokwisha linageuka katambuga. Aluminiamu ya injini husubiwa ikawa sufuria ambalo mama anapikia ugali. Gia boksi iliyotoka katika gari lililopinduka inamrudisha barabarani dereva ambaye hana uwezo wa kununua mpya. Kazi ya chuma si ngeni kwetu; Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe, na Wasukuma walilima na kuolea kwa majembe hayo, kabla Mzungu hajafika na bidhaa zake. Anayekata gari leo kwa msumeno na gesi ni mjukuu wa wahunzi hao, atake asitake.

Lakini gari si jembe. Ndani ya gari mna sumu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wametamka kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Humdhuru zaidi mtoto mdogo: huingia katika ubongo unaokua, na kilichoharibika humo hakirudi. Oili iliyotumika ina mabaki ya madini na moshi wa injini. Waya ukichomwa ili kupata shaba, mpira wake hutoa moshi ambao anayeuvuta kwanza ni yule aliyeuwasha.

Sasa na tuulize: magari haya yanatoka wapi? Mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko. Wajapani ni watu wenye hesabu. Walitunga sheria mwaka 2002, ikaanza kazi mwaka 2005, kwamba anayenunua gari jipya hulipa pale pale ada ya kulivunja na kulizika siku litakapokufa. Ni sheria nzuri. Lakini sikilizeni sehemu yake ya pili, ndugu wasomaji. Gari hilo likiuzwa nje ya Japani, aliyelisafirisha huomba ada ile na kurudishiwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba gari linapanda meli kuja Dar es Salaam, lakini fedha za maziko yake zinabaki kule kule. Maiti inakuja, sanda haiji! Na mazishi anafanyiwa na kijana wa Mabatini asiye na glavu, tena juu ya udongo mtupu.

Ulaya nako walitoa amri yao mwaka 2000, kwamba watengenezaji wa magari wabebe mzigo wa magari yaliyokufa, na toka mwaka 2015 asilimia 95 ya uzito wa kila gari lazima itumike tena kwa njia moja au nyingine. Hatuwaonei wivu. Twasema tu kwamba sisi tunaotoza kodi nyingi juu ya gari linapoingia bandarini hatujasikia kodi hata moja inayofuatana na gari hilo mpaka gereji ya mwisho kule Igoma. Serikali yetu haishindwi kuifikiria. Hata sehemu ndogo tu ya ushuru wa bandarini, ikitengwa na kushushwa kwenye halmashauri zinazopokea magari yakiwa mizoga, ingetosha kuanzia.

Wapo watakaotujibu: "Sheria ipo." Ni kweli, ipo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa raia nguvu ya kwenda mahakamani kuidai. Inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Kisha zikaja kanuni za taka hatarishi, za karibuni zikiwa za mwaka 2021, zinazomtaka mwenye kukusanya, kuhifadhi au kusafirisha taka hizo awe na kibali, na vyuma chakavu vimeingizwa katika utaratibu huo wa vibali. Baraza la Mazingira, yaani NEMC, ndilo lenye kusimamia.

Tatizo letu ni jingine. Kanuni hizi humfikia mwenye ofisi, mwenye lori na mwenye mwanasheria. Yeye huzisoma, hulipa ada, hutundika kibali ukutani. Mtoto wa mkokoteni anayemletea vyuma hajapata kuziona. Fundi mwenye gereji chini ya mwembe hajui ya kuwa betri ile ina kanuni. Wala mama anayeteka maji hatua ishirini chini ya gereji hiyo hajaulizwa na mtu ye yote kama anakubali. Basi siku ya operesheni nani anakamatwa? Ni mkokoteni. Lori lina kibali.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia mbili ambazo hatupendi kuzifuata. Mwezi Januari mwaka 2022 serikali yao ilifunga biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya wezi kung'oa vyuma vya minara ya umeme. Wizi wa namna hiyo twaujua hata sisi, maana alama zetu za barabarani zimeliwa vile vile, na mwizi wa mali ya umma hatumtetei. Lakini kufunga duka zima kwa sababu ya mwizi mmoja ni kumwadhibu mwenye njaa. Mwezi Mei mwaka ule ule wakaifungua tena kwa masharti mapya. Katika miezi ile mitatu na zaidi, waliokula akiba zao walikuwa wale wa mkokoteni, si wale wa lori.

Njia ya pili ni chungu zaidi. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani mwa nyumba za watu. Wanakijiji hawakuulizwa. Watoto wakaugua, damu zao zikapimwa zikakutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mwanawe mwenyewe aliugua, ndiye aliyewakusanya watu wakapiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo. Mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Angalieni miaka hiyo! Mtoto aliyekuwa mgongoni kiwanda kikivuma amekuwa kijana, na wengine walikwisha zikwa. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya mazingira wakati wote huo. Jirani wa kiwanda hakuwa na sauti kabla ya moto kuwashwa, na huo ndio upungufu uliomwua.

Sasa twaja kwenye mizani, maana ndiyo kiini cha maneno yetu.

Wazee wa Usukuma wanakumbuka, na walioondoka walituachia habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba alibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyetaja bei. Mkulima alipokea alichopewa. Wakulima walifanya nini? Hawakuchoma maghala. Waliweka watu wao wenyewe kusimama kando ya mizani na kupima upya. Kutokana na kazi hiyo ndogo, iliyoongozwa na Paul Bomani na wenzake, vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ikaandikishwa Victoria Federation, muungano wa ushirika uliosifika Afrika nzima. Hata TANU ilipozuiwa kufanya kazi Usukumani toka mwaka 1954 hadi 1958, watu hawakukosa mahali pa kukutana na kujifunza kuongoza mambo yao. Mizani iliwafundisha siasa kuliko hotuba.

Leo nendeni kwenye uwanja wo wote wa vyuma chakavu mkatazame. Mizani ni ya mnunuzi. Anayeisoma ni mnunuzi. Bei ya leo si ya jana, na sababu yake haielezwi. Kijana amekusanya mchana kutwa, anaambiwa "kilo kumi na tano," anajua moyoni ni ishirini, anapokea fedha anaondoka, kwa kuwa kesho atarudi pale pale. Tumesimama pale, tumeona kwa macho yetu. Na kijana huyo akiibiwa kilo tano kila siku, hana budi kuzifidia. Atazifidia kwa kumwaga maji ya betri mtaroni ili awahi, au kwa kuchoma waya usiku, au kwa kununua chuma ambacho anajua kimetoka kwenye daraja. Huwezi kumfundisha usafi mtu anayepunjwa.

Kwa hiyo twaomba jambo moja lifanyike kwanza, na lianzie hapa hapa Mwanza, Nyamagana na Ilemela: mafundi gereji na wakusanyaji wa kata moja waunde ushirika, wawe na mizani yao, iliyokaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na bei ibandikwe ukutani kila asubuhi. Mahali penye mizani hiyo pawekwe sakafu ya saruji na pipa la oili chafu. Betri ipokelewe nzima, na aliyeileta ikiwa na maji yake alipwe zaidi ya aliyekwisha kuimwaga. Tunahakikisha kwamba faida hiyo ndogo itafanya kazi kuliko askari kumi. Na mtu akiomba kibali cha kuvunja magari au kuyeyusha betri, ombi lake lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya majirani, nao waseme ndiyo au hapana kabla karatasi haijapanda juu.

Twajua atakayetucheka. Atasema ushirika uliliwa na viongozi wake, ukachunguzwa na tume mwaka 1966, na vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976. Hatukatai. Makatibu walioweka mikono yao ndani ya mfuko wa wakulima tuliwaona, wengine walikuwa na kadi za Chama. Lakini mwizi wa ushirika aliibia watu waliokwisha kuwa na mizani. Huyu wa leo anaibiwa hata kabla ya kuwa nayo. Tena yafaa tukumbushe kwamba mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu tu, na viwanda vya minofu vya Mwanza vikaonja njaa. Waliosema wakati ule kwamba ziwa ni kubwa, haliwezi kuchafuka, hawakuweza kuuza hata sangara mmoja kwa maneno hayo.

Mabalozi na wenyeviti wa mitaa wasingoje barua toka juu. Mkutano wa mtaa uko mikononi mwao. Ajenda iandikwe: gereji zetu ni ngapi, oili yake inakwenda wapi, betri zinauzwa kwa nani, mizani ya mnunuzi ilikaguliwa lini. Sisi tutatuma mwandishi wetu kwenye mkutano wa kwanza utakaoitishwa, na majibu ya wanunuzi wa vyuma, wakipenda kutuletea, tutayachapa hapa hapa.