Gundi Ikae Mbali na Darizi

Mtu anadarizi miezi kadhaa, msalaba juu ya msalaba, macho yanamuuma. Siku ya mwisho anapeleka kitambaa kwa fundi fremu, naye anapaka gundi, anakibandika kwenye hadibodi, dakika tano kazi imekwisha. Tunasema wazi: huko ni kuharibu kazi ya watu, tena kwa malipo.

Gundi hupenya. Kitambaa cha aida kinachotumiwa na wengi kina miraba 14 kwa kila inchi, na kati ya miraba hiyo ni matundu matupu. Mwanzoni huoni kitu. Miaka ikipita doa la manjano linajitokeza mbele, na hakuna sabuni ya kulitoa. Hadibodi nayo ina asidi inayobabua kitambaa taratibu. Selotepu ndiyo mbaya zaidi: joto likizidi inaachia, kazi inalegea, utandu wa gundi unabaki.

Njia iliyo salama unaiweza hapo hapo mezani kwako. Fua kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Usikamue, kiviringishe kwenye taulo. Uzi mwekundu ukichuja, suuza kwa maji baridi mpaka yatoke safi, wala usiache kikauke kabla ya hapo. Piga pasi upande wa nyuma, kitambaa kikiwa juu ya taulo, mishono isije ikalala bapa. Kisha tafuta kadi nene isiyo na asidi, uikate iwe ndogo kidogo kuliko nafasi ya ndani ya fremu.

Tandaza kitambaa juu ya kadi, pindo likunjwe nyuma, kisha kichomeke pini kwenye unene wa kadi, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, na mstari mmoja wa matundu ufuate ukingo bila kuyumba. Geuza. Kwa sindano na uzi imara, unganisha pindo na pindo kwa nyuma, kwenda na kurudi kama kamba za viatu. Ukimaliza upande mmoja, fanya na ule mwingine. Kaza, funga, toa pini. Kikienda upande, unakata uzi na kuanza tena. (Pindo liwe sentimita 6 au zaidi kila upande, jambo la kukumbuka kabla ya kutunga uzi wa kwanza, ubahili wa kitambaa hujulikana siku hii.)

Kioo kisiguse mishono. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja hili si la hiari: unyevu ukinaswa hapo, ukungu unafuata. Weka vijiti vyembamba pembezoni, ndani ya fremu, vitenganishe kioo na kitambaa. Na picha isitundikwe panapopigwa na jua.

Mafundi fremu tunawaomba jambo moja tu: wapokee kazi iliyokwisha kufungwa kwenye kadi na waitie fremu vivyo hivyo. Fundi akishikilia kwamba bila gundi haiwezekani, mwambie akuuzie fremu tupu.